Kumpigia Mswaki Mgonjwa Asiyejiweza

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, mgonjwa wa kiharusi au mtoto mwenye mtindio wa ubongo huogeshwa na kulishwa kila siku, lakini kinywa chake husahaulika mpaka siku anapoukataa uji kwa maumivu. Hili linanisikitisha, kwa sababu mate yenye vijidudu yakiingia mapafuni mwa mtu asiyemeza vizuri huweza kumletea nimonia.

La kuzingatia kuliko yote ni mkao. Mketishe mgonjwa wima, au muinue kwa mito, kisha kiinamishe kidogo kidevu chake kuelekea kifuani; usimpigie mswaki akiwa amelala chali wala usikirudishe kichwa chake nyuma, maana hapo ndipo anapopaliwa. Asiyeweza kuinuka kabisa alazwe ubavu. Mtandikie khanga kifuani, na umweleze unachotaka kufanya hata kama hawezi kukujibu.

Tumia mswaki laini wenye kichwa kidogo na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kwa anayepaliwa ovyo, paka utando mwembamba tu. Sugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Kwa aliyepooza upande mmoja, kagua kwanza shavu la upande huo, kwani chakula hubaki humo bila yeye kuhisi. Mwache ateme, au umfute kwa kitambaa safi chenye unyevu. Hahitaji kusukutua kwa maji mengi, kwa kuwa floraidi inayobaki ndiyo inayolinda meno, na kwa wenzetu wa Newala, ambako maji huhangaikiwa, hiyo ni nafuu ya kweli.

Kama mkono wake una nguvu kidogo, zungushia mpini wa mswaki kipande cha mpira wa baiskeli ili aushike mwenyewe, nawe umalizie.

Usiingize kidole katikati ya meno yake. Mwenye kifafa akianguka, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, kwani humvunja meno. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, huweza kuvimbisha ufizi. Usimkatishe dawa, bali mweleze daktari aliyemwandikia.

Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 kionwe na daktari wa meno, katika hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara mjini au ya Sokoine kwa walio Lindi.