Somo: Kuzuia takataka na vifaranga wa samaki wasivutwe na mashine ya maji

Kichujio kidogo kinachokuja na mashine ya inchi 2 ya kuvuta maji bwawani huzuia mawe tu. Bomba la inchi 2 lina uwazi wa sentimeta za mraba 20 hivi. Maji yote yakipenya hapo hukimbia sana, yakakokota majani ya michikichi na vifaranga wa perege. Dawa ni kupanua mahali pa kuingilia ili maji yapite taratibu, samaki apate nguvu ya kuogelea ajitoe.

1. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Toboa ubavuni matundu 400 ya milimita 10, ukianzia sentimeta 8 kutoka chini. Uwazi utafika sentimeta za mraba 314, zaidi ya mara 15 ya bomba. Kitako usikiguse, kitavuta tope.

2. Toboa tundu katikati ya mfuniko, pitisha mpira wa kunyonya, kichujio cha kiwandani kiningʼinie ndani ya ndoo. Kaza klipu juu na chini ya mfuniko. Tia jiwe ndani, ndoo isielee.

3. Tengeneza kizimba cha mbao: upana mita 1 kila upande, kimo mita 1.5 pamoja na miguu ya sentimeta 30. Zungushia wavu pande nne na chini, juu pabaki wazi nje ya maji. Ndoo ikae katikati juu ya fito, wavu usiiguse.

4. Juu ya ndoo pawe na maji sentimeta 50. Yakipungua, kizingia cha maji huvuta hewa na mashine huacha kupandisha.

Kuhusu wavu, tafadhali sana: msitumie chandarua chenye dawa, hata kikuukuu. Dawa inayoua mbu huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na kufua hakuiondoi yote. Nunueni wavu wa plastiki wa madirishani.

Mbele ya kizimba funga mianzi inayoelea. Itazuia majani makavu kabla hayajafika.

MASWALI

Mwanachama, Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mashine inalia kama imemeza kokoto, maji yamepungua.

Jibu: Marahaba. Izime kwanza, inakosa maji ya kunyonya. Tazama kina: maji ya ndani ya kizimba yakiwa chini kuliko ya nje, wavu umezibwa na mwani. Usugue kwa brashi laini. Yakiwa sawa, kagua ndoo, halafu mpira. Mpira wa kunyonya usio na waya hujibana wenyewe, na kiungo kilicholegea huvuta hewa.

Mwanachama, Kasulu: Vifaranga waliotoka juzi mdomoni mwa mama yao nao watapona?

Jibu: Hawapiti, lakini wanyonge hunasa wavuni. Punguza mafuta, mashine iende polepole. Wavu wa tabaka mbili huziba upesi. Bora kizimba kipana zaidi.

Mwanachama, Kibirizi: Huku kwetu mwaloni vipande vya wavu wa dagaa havikosekani. Vinafaa?

Jibu: Kama bwawa lina samaki wa sentimeta 5 na kuendelea tu, vinafaa, na havizibi upesi. Kama perege wako wanazaa humo humo, wa madirishani ndio huo huo.