Jinsi ya kuchunguza mpangilio wa namba hadi kuijua sababu yake

Mtu akipewa namba 2, 5, 10, 17, 26 na kuulizwa inayofuata ni ipi, mara nyingi hukimbilia kubahatisha. Afadhali aziandike namba hizo katika mstari mmoja, kisha chini yake aandike tofauti kati ya kila namba na inayoifuata, yaani 3, 5, 7, 9. Kwa kuwa tofauti hizo hazilingani, arudie kazi ileile juu yake, naye atapata 2, 2, 2. Tofauti ya pili isiyobadilika huonyesha kwamba kanuni ina kipeo cha pili ndani yake, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe, basi zilinganishe namba zako na 1, 4, 9, 16, 25: kila moja imezidi kwa 1, hivyo namba iliyo katika nafasi ya n ni n² + 1, na ya sita ni 37.

Usiishie hapo. Jiulize kwa nini vipeo vya pili hupishana kwa namba witiri. Panga vitone katika umbo la mraba wenye n kila upande. Ili kupata mraba unaofuata, unaongeza n upande mmoja, n upande wa pili, na 1 kwenye kona, jumla 2n + 1, ambayo daima ni witiri. Kwangu mimi, hapa ndipo hisabati inapoanza.

Mpangilio kama 5, 8, 11, 14 ni mwepesi zaidi: tofauti ni 3 tangu mwanzo, na kanuni ni 3n + 2. Ichore mipangilio yote miwili kwenye grafu moja, nafasi zikiwa kwenye mhimili mlalo na thamani kwenye mhimili wima. Nukta za huu wa pili zitakaa katika mstari mnyoofu ambao mteremko wake ni ile 3 uliyoipata kwa kutoa, ilhali za kwanza zitapinda kwenda juu, kwa sababu kila hatua ni kubwa kuliko iliyotangulia. Unaposoma grafu iliyochorwa na mwingine, anza na mhimili wima: nguzo za thamani 50 na 52 zikichorwa kuanzia 48, ya pili huonekana ndefu maradufu, ingawa imezidi kwa 2 tu.

Sasa jaribu mpangilio unaodanganya wengi. Weka nukta kwenye ukingo wa duara, uunganishe kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, ukihakikisha kwamba mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani ya duara, kisha hesabu vipande. Nukta 1 hadi 5 hutoa 1, 2, 4, 8, 16, na karibu kila mtu husema kwamba nukta 6 zitatoa 32. Hesabu kwa makini: ni 31.

Sababu yake inapatikana ukitazama mistari inavyoongezwa mmoja mmoja. Kila mstari mpya huongeza kipande 1, na kingine 1 kwa kila mstari unaoukata, kwa hiyo idadi ya vipande ni 1, kujumlisha mistari, kujumlisha makutano ya ndani. Mstari huamuliwa na nukta mbili, na makutano huamuliwa na nukta nne. Nukta 5 zina mistari 10 na makutano 5, nazo hutoa 16; nukta 6 zina mistari 15 na makutano 15, nazo hutoa 31. Kwa nukta 7 ni 1 + 21 + 35, yaani 57. Ukiandika jedwali la tofauti la 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57, utakuta kwamba tofauti ya nne haibadiliki, ni 1 kila mahali, na hilo linaafikiana na makutano yanayohitaji nukta nne.