Somo: Kukata mzunguko wa tegu wa nguruwe kuanzia chooni hadi jikoni

Somo hili ni la wafugaji wa Buhongwa, Usagara, Kisesa, Magu na Misungwi, na la wote wanaouza au kula kitimoto hapa Mwanza. Tunaanza na jambo linalowapita wengi: nguruwe hamzai tegu. Tegu mzima, yule mnyoo bapa mrefu wa mita 2 hadi 4 au zaidi, anaishi kwenye utumbo wa binadamu peke yake. Nguruwe anapewa na sisi, kwa kula kinyesi chetu.

Mzunguko uko hivi. Mtu mwenye tegu hutoa pingili (vipande vya mwili wa tegu) kwenye choo kikubwa, na pingili moja inaweza kubeba mayai kama 50,000. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni, viluwiluwi hupenya kwenye damu na kwenda kukaa kwenye misuli. Baada ya miezi 2 hadi 3 vinakuwa vifuko vyenye maji, ndizo zile "punje" za kwenye nyama. Mtu akila punje hai kwenye nyama isiyoiva, anapata tegu utumboni. Tegu huyo humsumbua kidogo tu, pengine hajui kabisa kama anaye.

Hatari kubwa ipo upande mwingine. Mtu akimeza *mayai*, kwa mikono michafu, mboga au maji, mwili wake unageuka kuwa kama wa nguruwe: vifuko vinakaa kwenye misuli, kwenye macho na kwenye ubongo. Vya kwenye ubongo ndivyo vinavyoleta kifafa ukubwani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, karibu 30% ya wagonjwa wa kifafa wanahusika naye. Kwa hiyo aliyekula nyama yenye punje hapati kifafa kutokana na nyama ile. Anapata tegu, na tegu huyo anaanza kumwaga mayai nyumbani kwake.

Hatua ya 1: Anza na watu wa bandani

Kijana mmoja anayelisha nguruwe akiwa na tegu, na akawa anajisaidia nyuma ya banda, anatosha kuliambukiza kundi zima. Kabla ya kununua dawa ya nguruwe, kila anayeingia bandani apimwe choo. Mayai hayatoki kila siku, hivyo pelekeni sampuli za siku tofauti, si moja. Akiona pingili (zinafanana na kipande cha tambi bapa kilicholowa, urefu wa kama sentimita 1), aichukue kwa mfuko wa plastiki, aitie kwenye kichupa chenye mfuniko na kuipeleka maabara. Asiishike kwa mkono mtupu.

Dawa ya tegu kwa mtu ni prazikwanteli au niklosamidi, kwa kipimo cha daktari. Mwenye historia ya kifafa, au kichwa kinachouma sana kwa muda mrefu, aseme kabla ya kumeza. Prazikwanteli inafika mpaka kwenye ubongo, na vifuko vikianza kufa kwa ghafla vinavimba na kuleta degedege. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu dawa hiyohiyo hugawiwa kwa ajili ya kichocho kwenye shule na vijiji vya ufukweni. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa amwambie mgawaji mapema.

Hatua ya 2: Choo kisichoingilika

Shimo lenye sakafu ngumu, mlango unaofunga, na kuta zinazofika chini kabisa. Nguruwe huinua bati au turubai kwa pua bila shida. Milimani ambako jabali halichimbiki, na ufukweni ambako maji yako juu, jengeni choo cha kuinuliwa chenye tangi lililofungwa. Msifungulie choo mvua ikinyesha: kinachoteremka na maji ndicho nguruwe na kuku wa bondeni wanachokipekua. Kinyesi cha mtoto mdogo kiende chooni, na pampasi zisitupwe jalalani.

Hatua ya 3: Banda

Nguruwe wa kunenepesha anahitaji kama mita 1 ya mraba, sakafu ya zege au mbao zilizoinuliwa, ukuta wa mita 1.2. Hayo wengi wanayajua. Kinachovunja banda ni chakula. Pumba zikipanda bei au mavuno yakiisha, nguruwe anafunguliwa "ajitafutie", na wiki mbili za kujitafutia zinaharibu kazi ya mwaka mzima. Nguruwe wa kilo 60 anakula kilo 2 hadi 2.5 kwa siku. Piga hesabu hiyo kabla ya kuongeza idadi. Afadhali watatu walioshiba ndani kuliko wanane wanaozurura.

Hatua ya 4: Kukagua ulimi unaponunua

Nguruwe mwenye punje nyingi anaweza kuwa mnene na mwenye afya kwa macho, kwa hiyo usimhukumu kwa umbo. Fanyeni watu wawili:

1. Mmoja apitishe kitanzi cha kamba kwenye taya la juu, nyuma ya meno chonge, na kukaza.
2. Wa pili aweke kipande cha mti mgumu kukatisha mdomo ili usifunge.
3. Ashike ulimi kwa kitambaa (kwa mkono mtupu unateleza), auvute pembeni taratibu.
4. Amulike kwa tochi upande wa *chini* wa ulimi, kisha apitishe kidole gumba kuanzia shinani hadi nchani.

Punje ni uvimbe wa mviringo wa milimita 5 hadi 10, unang'aa kidogo, na kidole kinauhisi kama punje ya hindi chini ya ngozi. Ukiukuta, usinunue. Usipoukuta, bado hujahakikisha: kipimo hiki humkamata mwenye punje nyingi, mwenye chache hupita.

Hatua ya 5: Dawa ya nguruwe

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Sindano ya ivamektini inatibu upele na minyoo ya mviringo, lakini haiui punje za tegu. Dawa inayoziua ni oksifendazoli ya kunywesha, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja.

Kwanza uzito. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kuanzia katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Mzingo × mzingo × urefu × 69.3 ndio kilo. Kifua 0.95 na urefu 0.95 inatoa karibu kilo 59, chukulia 60.

Sasa dozi: 60 × 30 ni miligramu 1,800. Chupa ya 10% ina miligramu 100 kwa kila mililita, hivyo ni mililita 18. Lakini ukiuziwa chupa ya 2.265%, ya kondoo na ng'ombe, ni karibu mililita 80. Anayefuata kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye lebo (miligramu 5 kwa kilo) anampa nguruwe moja ya sita ya dozi, halafu analalamika dawa ni feki. Afisa mifugo wa kata asimamie mara ya kwanza. Usichinje kabla ya siku 21, na alama za vifuko vilivyokufa huchukua kama miezi 3 kuondoka kwenye nyama. Aliyetibiwa wiki iliyopita asipelekwe sokoni.

Hatua ya 6: Machinjio na jiko

Chinja panapofika mkaguzi wa nyama. Akague ulimi, misuli ya taya, moyo uliopasuliwa, bega na kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo). Jikoni, kata vipande vidogo, chemsha hadi katikati pasiwe na wekundu wala maji ya damu, ndipo ukaange au uchome. Pande nene lililotupwa moja kwa moja kwenye moto mkali huungua nje huku ndani likiwa vuguvugu. Friza inayofika chini ya nyuzi -15 inaua punje ndani ya siku 3, lakini umeme ukikatika hesabu inaanza upya.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimenunua kilo 2, nimeona vitu vyeupe. Muuzaji anasema ni mafuta. Nitajuaje?
Bana kimoja kati ya kucha mbili. Mafuta yanapakaa na kuteleza. Kifuko kinapasuka, kinatoa maji maangavu, na ndani yake kuna nukta nyeupe ndogo kama kichwa cha pini: hicho ni kichwa cha tegu. Zikiwa hivyo, usipike wala usimpe mbwa. Mwonyeshe mkaguzi, kisha ichomwe moto au ifukiwe kwa kina.

Mimi ni Muislamu, nguruwe haingii kwangu. Hili linanihusu kweli?
Linakuhusu, ndugu yetu. Nyama haikuhusu, mayai yanakuhusu. Yanatoka kwa mtu mwenye tegu na yanaweza kufika kwenye kachumbari, mchicha au maji ya kunywa yasiyochemshwa. Klorini ya dukani haiyaui kwa uhakika. Chemsha maji, osha mboga kwa maji mengi yanayotiririka, na anayekuandalia chakula anawe kwa sabuni akitoka chooni.

Shuleni watoto walipewa albendazoli. Si inatosha kwa tegu?
Kidonge kimoja ni cha minyoo mingine. Kwa tegu hakitegemewi. Aliyetibiwa tegu arudi kupima choo baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3.

Sisi huku tunakula ng'ombe tu. Tegu wake ni yuleyule?
Ni ndugu yake. Anapatikana kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva, na pingili zake zina tabia ya kutoka zenyewe, mtu anahisi kitu kinatambaa kwenye nguo ya ndani. Mayai yake hayaleti vifuko kwenye ubongo wa mtu. Tiba ipo, na mishikaki iive.

Natumia samadi ya nguruwe kwenye mchicha. Kuna tegu?
Tegu hapana, kwa sababu mayai yake yapo kwenye kinyesi cha mtu. Kuna minyoo ya mviringo ya nguruwe, nayo inaambukiza watu, na mayai yake huishi kwenye udongo kwa miaka. Rundika samadi na majani makavu kimo cha mita 1, nyunyiza maji, funika. Ndani lazima ipate moto usiovumilika kwa mkono, nyuzi 55 kwenda juu. Igeuze mara kadhaa ili ya pembeni nayo iingie katikati. Iliyokaa kwenye rundo baridi haijaiva, hata ikimaliza miezi.

Mdogo wangu ana miaka 24, kifafa kimemwanza mwaka huu. Nimpe prazikwanteli?
Usimpe. Mpeleke hospitali kwanza, akapigwe picha ya ubongo. Hospitali ya mkoa wanaweza kumwandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando. Aendelee na dawa za kifafa bila kukosa. Wewe na wengine wa nyumba hiyo pimeni choo wiki hiihii, maana aliyemwaga mayai huenda mnakula naye sahani moja.