Kuomba Kusoma Usanifu Majengo Uingereza Bila Uzoefu wa Kazi: Pima Nyumba Moja, Uichore

Kijana aliyemaliza sekondari Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, akitaka kusomea usanifu majengo Uingereza, huomba kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya huko, na mara nyingi husita anapokumbuka kwamba hajawahi kukaa hata wiki moja katika ofisi ya msanifu. Wasiwasi huo hauna uzito mkubwa. Mafunzo ya kazini yana nafasi yake rasmi baadaye, katika safari ya kuelekea usajili wa kitaaluma. Kwa sasa msomaji wa maombi anatafuta ushahidi kwamba mwombaji anaweza kulitazama jengo kwa makini, kulichora na kueleza kwa nini limejengwa vile. Kwa maoni yangu kama msanifu, nyumba moja iliyopimwa vizuri ina nguvu kuliko picha ishirini za majumba ya kubuni zilizong'arishwa kwa kompyuta.

Hatua ya kwanza: chagua jengo dogo unaloweza kulirudia. Nyumba ya bibi, duka la mtaani, chuo cha Kurani au banda la mama ntilie, lolote linafaa, mradi uweze kurudi kila unapogundua kipimo kilichosahaulika. Omba ruhusa na ueleze nia yako waziwazi, maana mtu anayepita na tepu ndani ya nyumba ya watu huzusha haraka maneno ya mirathi na mauzo.

Hatua ya pili: pima. Kabla ya kufungua tepu, chora kwa mkono umbo la kila chumba, bila kujali usahihi, ili upate mahali pa kuandikia namba. Kisha shikilia mwanzo wa tepu kwenye kona moja na usome vipimo vyote vya ukuta huo mfululizo: mlango unaanza mita 0.85, unaishia mita 1.75, dirisha linaanza mita 3.10, na kadhalika hadi kona ya pili. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha baadaye, kosa dogo la kila kipande huongezeka, na mwisho wa ukuta hauangukii mahali pake. Pima pia mishazari yote miwili ya chumba, kutoka kona hadi kona, kwa sababu kuta za nyumba za zamani ni nadra kuwa na pembe mraba, na urefu wa pande nne peke yake hauonyeshi jinsi chumba kilivyopinda. Unene wa ukuta usomwe kwenye uwazi wa mlango au dirisha. Usisahau kimo cha dari.

Katika kazi hii ndipo jengo linapoanza kujieleza. Anayepima nyumba ya kale ya mawe Lamu, kwa mfano, ataona vyumba vyembamba na virefu vilivyopangwa sambamba, na upana wake, ambao kwa kawaida haufiki mita 3, unakaribiana kutoka chumba hadi chumba. Sababu iko juu ya kichwa chake: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo huku ikibeba uzito wa mawe na chokaa. Mwombaji anayeandika sentensi hiyo chini ya mchoro wake ameonyesha kwamba anaelewa uhusiano wa mali ghafi na umbo la chumba, jambo ambalo wiki mbili za kutoa fotokopi ofisini hazingemfundisha.

Hatua ya tatu: chora kwa skeli. Skeli ya 1:50, yaani milimita 1 kwenye karatasi kwa kila milimita 50 za nyumba, inatosha nyumba ndogo. Chumba chenye upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 7 kitakuwa milimita 52 kwa 140, na ukuta wa sentimita 50 utakuwa milimita 10, kwa hiyo chumba hicho kinaenea vizuri kwenye karatasi ya A4. Ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba nyumba imekatwa kwa mlalo na kutazamwa kutoka juu; kuta zilizokatwa zipewe mstari mzito. Samani na sakafu, mstari mwembamba. Baada ya ramani hiyo chora mkato wa wima, yaani nyumba kana kwamba imekatwa kutoka juu hadi chini, hata kama unakutisha, kwa sababu ndio unaoonyesha dari, ngazi, kina cha madirisha na kimo cha mtu aliyesimama ndani. Waombaji wengi huukwepa.

Hatua ya nne: fuatilia matumizi. Chora baraza asubuhi, adhuhuri na jioni, ukionyesha kivuli kilipo na watu wameketi wapi. Kumbuka kwamba katika pwani yetu jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo andika tarehe kwenye kila mchoro. Modeli ya boksi la katoni ikifuata, ni nyongeza nzuri.

Hatua ya tano: panga faili la michoro yako (portfolio) la kutuma chuoni. Piga picha za michoro karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Idadi ya kurasa na ukubwa wa faili hutofautiana chuo kwa chuo. Soma maelekezo ya kila kimoja. Weka pia rasimu chafu zenye vipimo, kwani zinathibitisha kwamba kazi ni yako.

Hatua ya sita: andika maelezo binafsi. Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, UCAS inauliza maswali matatu: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na nini kingine umefanya nje ya darasa. Herufi zote, pamoja na nafasi, zisizidi 4,000, na kila jibu lisipungue 350. Nyumba uliyoipima ni ya swali la tatu, na mwalimu wako wa hisabati au fizikia anaweza kukusaidia kuiunganisha na la pili. Acha kuandika kwamba umependa majengo tangu utotoni. Andika ulichopima, kilichokushangaza, na ungebadilisha nini ukipewa nafasi, kwa sababu vyuo vinavyofanya usaili huwa vinauliza hilo la mwisho huku mchoro wako ukiwa mezani.