iPad yako isizimike angani

Rubani mwenzangu unayeruka na Cessna 172 au 206, kishikwambi chenye ramani usikiache juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, hata kwa zile dakika chache za kujaza mafuta. Apple wanasema iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na ndege iliyoegeshwa juani Lodwar saa saba mchana inapita hapo upesi sana. Kwanza skrini hufifia, chaji inagoma, kisha ramani inapotea na kubaki onyo la joto tu.

Mimi hushuka nacho, nakitia kwenye begi kivulini. Tukiruka nakivua kava, maana lile la mpira mnene hukifunika kama blanketi, halafu nageuzia tundu la hewa mgongoni mwake. Kijaze chaji kabla ya safari. Kukichaji huku kinafanya kazi juani ndiko kunakokimaliza. Kikishazimika, usikibandike kwenye chupa ya maji ya barafu, unyevu unaweza kujikusanya ndani. Kipe kivuli na upepo. Ramani ya karatasi iwe karibu na mkono, si nyuma kwenye mizigo.