Weka haya sawa kabla paka wako hajala dawa ya mtu

Kama unafuga paka ndani soma hii leo. Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu, na muulize kabisa kama anapokea usiku na jumapili. Vidonge visikae mezani wala juu ya friji. Kikidondoka kimoja kitafute mpaka ukione. Uzito wa paka ujue, panda nae kwenye mizani halafu panda peke yako utoe, daktari atauliza.

Sasa hili lishike: PANADOL NI SUMU KWA PAKA, hata nusu kidonge. Mwaka juzi paka wangu alikuwa amejikunyata tu hataki kula, mama akasema huyu ana homa, akasaga nusu akachanganya na mchuzi wa samaki, kwa nia njema kabisa, na mimi nipo naangalia naona sawa tu, si hata watoto wanapewa. Jioni mate yanamtoka, uso umevimba kama kang'atwa na nyuki, anahema kwa shida, nikamfunua mdomo fizi zimekuwa kahawia kama tope, akakojoa mkojo rangi ya strungi. Nikamnywesha maziwa maana tumekua tukiambiwa maziwa yanakata sumu, kumbe nilikuwa napoteza muda tu. Daktari kuona zile fizi akauliza mmempa nini. Akatuelewesha kwamba ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, ndo dawa yenyewe iliyomo kwenye panadol, kama la kwetu, inaharibu damu mpaka inashindwa kubeba oksijeni. Dawa yake ipo, asetilisisteini, ndo hiyo hiyo wanayopewa watu waliozidisha panadol, ila inataka kuwahi, na sisi tulishachelewa. Alfajiri akafa kwenye kanga ya mama, na mama mpaka leo hataki kusikia habari ya paka mwingine.

Kwahiyo akila usisubiri dalili, nenda. Beba pakiti, hesabu vilivyobaki, kumbuka ilikuwa saa ngapi. Usimtapishe kwa maji ya chumvi wala kumnywesha mafuta, yanaingia mapafuni. Na sio panadol tu, zile dawa za maumivu diklofenaki na ibuprofeni zinaharibu figo, hata ile jeli unayojipaka gotini akiilamba, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini usimpake paka kabisa atatetemeka mpaka degedege, na dawa za mafua nyingi zina parasetamoli humo humo, soma boksi, na wageni wakija waambie mikoba yenye dawa wasiiache wazi kitandani.