Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuvua Samaki na Kupiga Makasia kwenye Mabwawa ya Maji ya Kunywa ya Jiji la New York

Mwongozo huu unawahusu wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika jimbo la New York, Marekani, hasa familia zilizohamia miji kama Utica, Syracuse na Albany. Wengi wao wametoka kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu, ambako mtu huingia majini na mtumbwi alio nao bila kuuliza ofisi yoyote. Kwenye mabwawa ya Jiji la New York yaliyo katika milima ya Catskill utaratibu ni mwingine kabisa, na ni vyema kuufahamu kabla ya kununua mshipi na ndoana.

Jiji la New York hupata maji yake kutoka mabwawa 19 na maziwa 3 yanayodhibitiwa, na mengine yako zaidi ya kilomita 160 kutoka mjini. Kila siku mfumo huo hutoa takriban lita bilioni 3.8 kwa watu zaidi ya milioni nane wa jijini, pamoja na wakazi wengine wapatao milioni moja wa kaunti za jirani. Sehemu kubwa ya maji hayo, yaani yale ya mabwawa ya Catskill na ya bonde la mto Delaware, haipiti kwenye mitambo ya kuchuja: hutiwa klorini na kupigwa mionzi ya urujuanimno, kisha husafiri hadi mabombani. Kwa hiyo usafi wa bwawa lenyewe ndio kinga ya kwanza ya mnywaji, na karibu kila sharti utakalokutana nalo hapa chini linatokana na jambo hilo.

Anza kwa kujua ni eneo gani unalotaka kwenda, kwa sababu si kila mahali panahitaji kibali. Ziko ardhi za jiji zilizo wazi kwa umma, ambazo hutambulika kwa mabango yaliyobandikwa mipakani mwake, na huko unaweza kutembea kwa miguu bila karatasi yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa njia ya matembezi na baiskeli iliyofunguliwa mwaka 2019 kwenye reli ya zamani, upande wa kaskazini wa bwawa la Ashokan, yenye urefu wa maili 11.5. Aliye na watoto wadogo na anayetaka tu kuyaona maji na milima aende huko, asihangaike na maombi. Lakini ukitaka kuvua samaki bwawani, au kuingia majini kwa boti, kibali ni lazima.

Mvuvi anahitaji hati mbili kutoka ofisi mbili tofauti, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa majina ya ofisi hizo yanafanana. Ya kwanza ni leseni ya uvuvi, ambayo hutolewa na Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo, inayofupishwa DEC. Kila mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anatakiwa kuwa nayo. Mtu aliyekwisha kuishi jimboni kwa zaidi ya siku 30 huhesabiwa kuwa mkazi, na leseni ya mkazi ya mwaka mzima ni dola 25. Huuzwa kwenye intaneti, katika ofisi nyingi za miji midogo na katika maduka ya vifaa vya uvuvi.

Hati ya pili ni kibali cha kuingia, ambacho hutolewa na Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya Jiji la New York, yaani DEP. Kibali hiki ni bure na hudumu kwa miaka mitano, kwa hiyo mtu yeyote anayekuomba fedha ili akupatie hakutakii mema. Huombwa kwenye tovuti ya DEP na mtu yeyote aliyefikisha miaka 16, na huhitaji kukifuata ofisini, kwani unaweza kukichapisha mwenyewe. Jaza jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha jimbo, bila kubadili mpangilio. Wenye majina matatu wanapaswa kuwa waangalifu hapa, kwa kuwa askari wa DEP akikusimamisha ataweka hati zako pamoja na kuzilinganisha. Vivyo hivyo, wale ambao nyaraka zao za ukimbizi ziliandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari wajaze tarehe hiyo hiyo, hata kama nyumbani wanajua tarehe nyingine. Pamoja na kibali kuna karatasi ya kuwekwa kwenye gari, nayo iachwe mahali inapoonekana unapoegesha. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 16 aende na mtu mzima mwenye kibali.

Boti ndiyo yenye kazi kubwa. Kwa uvuvi huruhusiwa boti za makasia za vipimo maalumu tu. Boti za kujaza upepo, kayaki na mitumbwi mingine midogo haziruhusiwi kwa kazi hiyo. Kabla ya kugusa maji, boti husafishwa kwa mvuke wa moto na kukaguliwa, ndipo ipewe namba na bwawa lake. Lengo ni kuwazuia kome wa zebra, ambao makinda yao hayaonekani kwa macho na huweza kubaki hai katika matone ya maji yaliyosalia chini ya kiti. Wakishaingia bwawani huongezeka kwa wingi na kuziba mabomba. Baada ya kusafishwa, boti hubaki bwawani katika sehemu iliyopangwa, na ndiyo maana utaona ufukweni safu za boti zilizofunikwa kifudifudi, zimefungwa kwa minyororo. Ukiiondoa kwenda kuvua kwingine, haitarudi majini mpaka isafishwe upya.

Wanaotaka kupiga kayaki kwa burudani wana mabwawa manne: Cannonsville, ambako mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 2009, na Pepacton, Neversink na Schoharie, yaliyoongezwa mwaka 2012. Hufanyika katika miezi ya joto tu. Kayaki nayo husafishwa kwa mvuke na wafanyabiashara waliothibitishwa na DEP, na kila aliyemo awe na jaketi la kuokolea.

Ukiwa bwawani, kuogelea, kupiga kambi na kuwasha moto ni marufuku, na boti za injini ya mafuta haziingii kabisa. Tembea na kibali, leseni na kitambulisho mfukoni. Samaki uliyemvua unaweza kumpeleka nyumbani kwa kufuata kanuni za jimbo za idadi na urefu, lakini kabla ya kumpika soma ushauri wa Idara ya Afya ya jimbo, kwa kuwa baadhi ya samaki wa mabwawa ya Catskill wana zebaki, ambayo ni sumu, na wanawake walio katika umri wa kuzaa pamoja na watoto wametajwa humo kwa namna ya pekee.